Tatu, Kumi na swali la dawa: Wacuba waliacha nini Fizi?

Ukimuuliza mtu wa Baraka kuhusu Che Guevara, atakuambia: alikuja kupigana vita. Ni kweli. Ila kuna upande mwingine ambao hatuuongelei sana, na sisi tuliosoma tunapaswa kuujua: lile kundi lilikuja pia na madaktari.

Tarehe 24 Aprili 1965, Wacuba 14 walivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma wakafika Kibamba. Kwa kuficha majina walipewa namba za Kiswahili. Moja alikuwa Víctor Dreke. Mbili alikuwa José María Martínez Tamayo. Che mwenyewe alikuwa Tatu, na mwanzoni alitambulishwa kama munganga na mtafsiri wa Kifaransa. Kweli alikuwa amesomea udaktari. Kumi alikuwa daktari Rafael Zerquera. Baadaye wakafika zaidi ya 100, na madaktari wengine wakaongezeka.

Karibu wote walikuwa weusi. Walichaguliwa hivyo makusudi, wasitambulike. Hawa ni wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliouzwa utumwani Cuba. Wengi kati ya hao watumwa walikuwa Wayoruba, ambao kule waliitwa Lucumí, na wengine walitoka upande wa Kongo yetu. Kwa hiyo, ukiangalia vizuri, hawa hawakuwa wageni kabisa. Damu ilikuwa inarudi.

Kazi ya Kumi ilikuwaje? Vita ilimletea majeruhi, lakini kazi kubwa ilikuwa malaria, magonjwa ya zinaa, na watu waliojeruhiwa na risasi zilizofyatuka ovyo kwa sababu ya pombe. Wanavijiji nao walikuja kutibiwa. Tatizo halikuwa dawa kukosekana kabisa. Che ameandika kwamba dawa zilizotoka Umoja wa Kisovieti ziligawiwa kama sokoni: kila mjumbe wa kundi anataja idadi ya watu wake ili apate fungu kubwa. Na neno lenyewe "dawa" lilikuwa na maana mbili. Kwa Wacuba ni vidonge. Kwa wapiganaji wengi ni ile ya munganga wa kienyeji, ya kuzuia risasi.

Mwisho wa Septemba 1965 jeshi la serikali na mamluki walishuka Baraka. Oktoba, Fizi ikaanguka. Tarehe 21 Novemba Wacuba wakavuka ziwa kurudi Kigoma, na madaktari wakaondoka nao. Miezi saba tu.

Sasa linganisha na ng'ambo ya mto Kongo. Kule Brazzaville Wacuba walikuja mwaka huohuo wa 1965, lakini walikaa. Mwaka 1966 madaktari wao walisaidia kuchanja maelfu ya watoto dhidi ya polio, na vijana wa kule wakapelekwa Cuba kusoma. Watu ni walewale, nchi yao ni ileile, ila matunda ni tofauti.

Kwetu, mmoja tunayemjua vizuri ni Freddy Ilanga. Alikuwa kijana mdogo aliyepewa kazi ya kumtafsiria Che na kumfundisha Kiswahili. Vita ilipoisha akapelekwa Cuba, akidhani ni kwa muda mfupi. Akasoma, akawa daktari wa upasuaji wa neva. Alikaa huko karibu miaka 40 bila mawasiliano na ndugu zake. Yaani mkongomani aliyetoka kwenye ile vita akawa daktari, lakini aliwatibu watoto wa Cuba.

Mimi siwalaumu Wacuba. Walikuja kwa hiari yao, wengine wakafia huku. Ila historia inatufundisha jambo moja: munganga anayekuja bila kumfundisha mtu wa hapa, siku akiondoka anaondoka na hospitali yake. Sindano inaponya mmoja. Muuguzi aliyefundishwa anaponya kijiji kwa miaka 30.

Leo ndugu zetu wengi waliopitia kambi ya Nyarugusu wako Marekani, Canada na Australia. Wengine wamekuwa wauguzi, na wanatamani kurudi kusaidia. Karibuni sana! Lakini tuwaombe nini? Maboksi ya dawa tu, ili tugombanie mafungu kama mwaka 1965? Au waje kukaa na wauguzi wa Nundu, Fizi na Baraka, ambao wengi hawajawahi kuona mshahara wa serikali, na na reko wetu wanaozunguka nyumba kwa nyumba kipindupindu kinapoingia?

Ninyi mliosomea afya, jibuni. Wacuba wanne, kumi au mia hawawezi kujibu kwa niaba yetu.