Mstari Juu ya Maji: Habari za Kuvuka Mweru

Katika Ziwa Mweru ziko Kilwa mbili. Ya kwanza ni kisiwa, na kisiwa hicho ni milki ya Zambia. Ya pili ni mji wa pwani ya magharibi, nao ni mji wa Kongo. Na mvuvi atokaye Kilwa kwenda Kilwa kuuza samaki wake, ijapokuwa jina la atokako na la aendako ni moja, na ijapokuwa huko aendako yumkini ana shangazi au shemeji amngojeaye, huwa amevuka mpaka wa dola mbili, na kama hana hati mkononi huitwa, kwa lugha ya sheria, mhamiaji haramu. Neno hilo la pili ni zito. Kabla ya kuwa neno la mahakama lilikuwa neno la dini, likinenwa juu ya riba, na mali ya yatima, na damu iliyomwagwa bila haki. Na madhali sasa linanenwa juu ya mtu aliyepiga kasia kutoka ufuo mmoja hata wa pili, naona ni wajibu kuuliza ni lini, na kwa amri ya nani, kuvuka huko kuliharimishwa.

Tarehe yake inajulikana. Siku ya 12 Mei 1894, mjini Brussels, wajumbe wa Uingereza na wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama mtu amilikivyo shamba lake, walitia sahihi mapatano yaliyosema kwamba mpaka utatoka Rasi Akalunga katika Ziwa Tanganyika mpaka mahali mto utokapo Mweru upande wa kaskazini, kisha utakwenda moja kwa moja juu ya maji mpaka Luapula iingiapo ziwani upande wa kusini, ila utapindishwa kidogo ili Kisiwa cha Kilwa kiwe cha Waingereza, na toka hapo utafuata mkondo mkuu wa Luapula mpaka Ziwa Bangweulu. Mstari ulipindishwa kwa ajili ya kisiwa. Kwa ajili ya ahali za watu waliokaa pande zote mbili za maji haukupindishwa hata shubiri moja, wala hakuna mkaaji wa Mweru aliyeulizwa.

Kabla ya siku hiyo Luapula haukuwa ukingo wa nchi bali moyo wake. Walunda wa Mwata Kazembe, cheo cha wafalme wao, walitoka magharibi, wakauvuka mto katika karne ya kumi na nane, wakawakuta Washila, wavuvi wa ziwa, chini ya mkuu wao Nkuba. Masimulizi ya bonde lile husema kwamba Nkuba alimwua mwana wa dada yake mwenyewe, Nachituti, na mama yule katika uchungu wake akaenda kwa Kazembe kuomba kisasi. Na Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti akampa Kazembe nchi na mabwawa ya samaki yaliyokuwa ya jamaa zake. Hata leo wenyeji wakibishana nani ana haki ya kuvua wapi, habari ya Nachituti hutajwa kama mtu atajavyo hati ya kiwanja. Milki hiyo ilikuwa na watu ng'ambo zote mbili.

Sisemi kwamba enzi ile kila mtu alipita apendavyo. Waungwana wa pwani ya bahari waliofika huko kutafuta pembe, shaba na, kwa huzuni ya historia yetu, watumwa, walijua kwamba mwenye nchi ana amri. Msafiri Livingstone alipoliona ziwa tarehe 8 Novemba 1867 na kufika kwa Kazembe, alimkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara aliyezuiliwa huko kwa miaka mingi asipate ruhusa ya kuondoka. Kwa hiyo ulinzi wa njia si uzushi wa Wazungu. Lakini ulinzi ule ulimtazama mtu: ametoka kwa nani, ameleta nini, na nani atamdhamini. Ulinzi wa mstari, usiojali mtu wala mdhamini wake, ulikuja na mapatano ya Brussels.

Tena ulikuja na kodi, na hapo ndipo habari inapoanza kuwa ya ajabu, kwani mpaka uliokusudiwa kuwatenga watu uligeuka kuwa silaha mikononi mwa watu hao hao. Ng'ambo ya Kongo, askari wa Leopold walitoza wanavijiji mpira na pembe. Waliochoka na mijeledi waliingia mitumbwini usiku wakalala upande wa Waingereza. Ng'ambo ya Waingereza, Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini ilitoza kodi ya nyumba, na asiyelipa aliweza kuona nyumba yake ikitiwa moto. Waliochoka na moto walivuka kwenda kwa Wabelgiji. Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ilipotaka wapagazi wa kubeba risasi na vyakula, watu walivuka tena. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, ameuita mwendo huo uhamaji wa malalamiko, naye ameuchunguza tangu 1900 hata 1940. Na mimi naona jina limekaa mahali pake, maana mtu asiye na baraza la kusemea wala kura ya kupigia, alikuwa na neno moja tu ambalo serikali ililazimika kulisikia, nalo ni kijiji kitupu asubuhi. Ofisa aliyekuja kuhesabu nyumba akakuta majivu baridi alielewa vema ameambiwa nini. Na serikali zote mbili, ambazo kila moja ilimlaumu mtoro wake kwa kukimbia, zilimpokea mtoro wa jirani bila kumwita haramu, kwa sababu alikuja na mikono ya kazi na kichwa cha kodi.

Kisha yakaja malale. Ugonjwa ulipogunduliwa katika bonde la Luapula, tangu mwaka wa 1907 na kuendelea, watawala wa Rhodesia ya Kaskazini-Mashariki, yaani ng'ambo ya Waingereza, waliamrisha vijiji viondolewe kando ya mto na ziwa, mbali na mbung'o. Uvuvi ukazuiliwa, na kuvuka kwenda Kongo kukakatazwa. Nadhani haijapata kuwako katika Mweru amri ya mpaka iliyokuwa kali kuliko hiyo, wala iliyokuwa na udhuru bora kuliko huo, kwani maradhi yalikuwa ya kweli na yaliua. Walakini mtu aliyezaliwa juu ya maji, akala samaki tangu kuachishwa ziwa la mama, akihamishiwa bara penye udongo asioujua na kuambiwa alime, hana budi kurudi gizani. Na wengi walirudi, wengine wakajificha katika vinamasi, wengine wakahamia ng'ambo kabisa, hata mwaka wa 1922 ulipofika na wakaaji wakaruhusiwa pwani tena. Amri iliyotungwa kuwalinda watu na mauti iliwafundisha njia za usiku, na njia za usiku zikishajulikana hazisahauliki.

Njia hizo zilipata biashara yake. Mji wa Elisabethville huko Kongo, ulioanzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, ulihitaji kitoweo kwa maelfu ya wachimbaji, na Wagiriki waliokaa Kasenga, upande wa Kongo wa Luapula, wakawa wanunuzi wakuu wa samaki wa bonde zima, raia wa Waingereza wakiwa miongoni mwa wauzaji wao. Mpumbu, samaki apandaye mto kutaga mayai, alivuliwa mpaka akakaribia kutoweka. Serikali ilipotunga kanuni za kuzuia uvuvi, watu waliziona kuwa ni mkono mwingine wa wale walioharimisha maji, na mwaka wa 1953 ghasia zikazuka Mweru na Luapula.

Uhuru haukuufuta mstari. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkutano wa Cairo wa Julai 1964, uliazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, na miezi mitatu baadaye Zambia ikawa dola huru yenye wajibu wa kuulinda mstari uliochorwa Brussels. Siwalaumu wazee wa mkutano ule. Waliogopa vita vya kila kijiji dhidi ya jirani yake, na hofu yao ilikuwa na haki.

Vita vilikuja kwa njia nyingine. Desemba 2000, mji wa Pweto, penye mlango wa kaskazini wa ziwa, ulipoanguka mikononi mwa waasi wa Kongo na majeshi ya Rwanda, raia na askari walioshindwa walimiminika Zambia pamoja, na kambi za Kala huko Kawambwa na Mwange huko Mporokoso zikajaa. Mwaka wa 2017, tangu Agosti, mapigano katika majimbo ya Kongo ya Katanga ya Juu na Tanganyika yaliwatoa wengine; wakapokewa kwanza Kenani, wilayani Nchelenge, na mwezi wa Januari 2018 wakafunguliwa makazi ya Mantapala katika wilaya hiyo hiyo, si kambi ya mahema tu bali mahali pa kupewa kiwanja na kulima karibu na wenyeji.

Nimelitaja hilo kwa taadhima, kwa sababu Nchelenge si mji wa matajiri. Wenyeji wake wana malalamiko, na si haki kuyapuuza: wavuvi wao wamepata kunyang'anywa nyavu na mashine za boti na watu wenye silaha kutoka ng'ambo, uvuvi ufungwapo Zambia, tangu 1 Desemba hata mwisho wa Februari, aliyetii sheria hukaa na njaa akitazama taa za wasiotii zikiwaka ziwani, na kila uchaguzi ukaribiapo husikika manung'uniko kwamba wageni wamejipatia vitambulisho vya taifa. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2010 inampa ofisa uwezo wa kumkamata aingiaye bila kupita kituoni. Lakini ofisa huyo, akiwa na boti moja mbele ya maji yenye urefu wa zaidi ya kilomita mia moja, aghalabu humkamata nani? Si mwenye bunduki, ajuaye kukwepa. Ni mama mwenye ndoo za chisense, wale dagaa wadogo wanaovuliwa kwa taa, apitaye mchana kwa kuwa hajioni kuwa mkosaji.

Ningependa mama huyo apewe kadi, itolewe gatini Kashikishi, upande wa Zambia, na gatini Kilwa ya Kongo, yenye jina lake, kijiji chake na siku alizoruhusiwa kukaa, isomwe kwa Kibemba na kwa Kiswahili, wala isimgharimu zaidi ya nauli ya boti. Ofisa angejua nani amepita. Na usiku, akiona boti isiyo na taa, angekuwa na sababu ya kuifuata.