Kamera ya Bei Nafuu Inakula Nini?

Swali la kamera ya bei nafuu lina umri karibu sawa na wa sinema yenyewe. Ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao mbele ya watu waliolipa kiingilio jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Kufikia 1898 Birt Acres, aliyefanya kazi zake Uingereza, alikuwa ameshatoa Birtac, mashine ndogo ya nyumbani iliyotumia mkanda wa milimita 17.5, yaani ule wa kawaida wa milimita 35 uliopasuliwa katikati. Mkanda nusu, gharama nusu. Acres alikuwa ameona jambo ambalo wauzaji wa kamera hawalitaji hadi leo: kamera, kama gari, ukishainunua bado inakula. Bei ya dukani ni ya siku moja. Inachokula utakilipia kila ukiiwasha.

Kwa miaka mingi chakula hicho kilikuwa mkanda, tena mkanda wa hatari, kwa sababu ule wa nitrati ulishika moto kwa urahisi na haukufaa kuwekwa sebuleni. Kampuni ya Pathé ya Ufaransa ikaja na Pathé-Baby, ya milimita 9.5, yenye matundu katikati ya mkanda badala ya pembeni ili sehemu kubwa zaidi ya upana itumike kwa picha. Kodak nao wakaleta milimita 16 mwaka 1923, kwenye asetati isiyowaka ovyo. Seti yao ya kwanza, ikiwa na kamera, stendi, projekta na skrini, iliuzwa dola 335, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida wa Marekani hakuwa nazo mfukoni. Mpigaji alizungusha mkono wa kamera mara mbili kwa sekunde, na ole wake aliyechoka njiani.

Unafuu wenyewe haukuwa kwenye mashine. Mkanda uleule uliopita ndani ya kamera ulisafishwa ukarudi ukiwa picha halisi ya kuonyeshwa, bila kuchapishiwa nakala nyingine. Gharama ya hatua nzima ikafutika. Tangu hapo, kila mapinduzi ya kamera za watu wa kawaida yamefuata njia hiyo: anayeshinda ni yule aliyepunguza chakula, si yule aliyepunguza bei ya chombo.

Historia hii iligusa Tanganyika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham waliendesha mradi wa majaribio wa filamu za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Walitengeneza filamu 35 hivi, za akiba ya posta, kahawa, minyoo na mambo ya namna hiyo, kwa mtazamo wa kikoloni ambao hauhitaji kutetewa leo. Ila uamuzi wao wa vifaa unastahili kutazamwa. Walichagua milimita 16 kwa sababu ya gharama, na sauti wakaiweka kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, ili filamu moja iweze kusema lugha zaidi ya moja. Kwenye karatasi, mpango mzuri. Lakini sindano ikiruka kidogo tu, mdomo na maneno vinapishana, na mwonyeshaji aliye kijijini na jenereta yake hana la kufanya. Walipookoa fedha kwenye picha, sauti ikawadai. Deni hilo la sauti tutakutana nalo tena na tena.

Kabla ya mradi huo, mwaka 1932, Kodak walikuwa wameshashusha gharama zaidi kwa milimita 8, kwa ujanja ninaoupenda kuliko wote. Ulinunua mkanda wa futi 25 wenye upana wa milimita 16. Ukapiga nusu ya upana mpaka mwisho, ukafungua kamera kivulini, ukageuza gurudumu, ukapiga nusu iliyobaki. Maabara wakausafisha, wakaupasua katikati na kuunganisha vipande viwili: futi 25 zimekuwa 50. Aliyesahau kugeuza gurudumu alipata harusi ya dada yake juu ya safari ya ufukweni.

Kwa kamera za namna hiyo watoto walianza kujifunza lugha ya sinema. Steven Spielberg alitengeneza Firelight kwa milimita 8 akiwa kijana wa Phoenix, ikaonyeshwa 1964. Mwaka uliofuata ukaleta Super 8, kaseti ya plastiki unayoipachika tu bila kugusa mkanda. Wepesi ulikuwa mkubwa, lakini futi 50 zilizomo ndani, kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, zinaisha baada ya dakika mbili na nusu. Upande wa milimita 16 kulikuwa na Bolex ya Uswisi, inayokwenda kwa springi, bila betri. Ukiijaza mpaka mwisho inakupa kama nusu dakika ya mwendo, kisha inasimama hata kama mwigizaji yuko katikati ya sentensi. Maya Deren na mumewe Alexander Hammid walitengeneza Meshes of the Afternoon mwaka 1943 kwa Bolex, nyumbani kwao Los Angeles, bila mazungumzo. Filamu ikajengwa juu ya mipaka ya chombo, nayo inafundishwa mpaka leo.

Mfano ninaowatajia wanaoanza ni El Mariachi ya Robert Rodriguez, iliyotoka 1992. Inasemwa kwamba iligharimu dola 7,000, na watu wakisikia hivyo huuliza alitumia kamera gani. Alitumia Arriflex ya milimita 16, na ilikuwa ya kuazima. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kununua na kusafisha mkanda, na kwa hiyo matukio mengi aliyapiga mara moja tu. Kamera ilikuwa na kelele kiasi kwamba hakuweza kurekodi sauti wakati wa kupiga. Alipomaliza kupiga tukio, aliizima, akamwomba mwigizaji arudie maneno yake mbele ya kinasa sauti cha kaseti, kisha akayalinganisha na midomo kwenye uhariri. Pale midomo ilipokataa kulingana na maneno, alikata picha akaonyesha kitu kingine. Mwendo ule wa haraka uliosifiwa na wakosoaji kwa sehemu kubwa ni deni la sauti lililofunikwa kwa mkasi.

Video ilifuta chakula cha zamani kwa sababu kanda inaweza kufutwa na kurudiwa. Betamovie ya Sony ya 1983 ilikuwa ya kwanza kuunganisha kamera na kirekodi katika chombo kimoja cha mtu wa kawaida, ingawa haikuweza kukurudishia ulichopiga. VHS ikafuata, na Afrika ikaipokea kwa mikono miwili. Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa Nigeria aliyekuwa na shehena ya kanda tupu, alitoa Living in Bondage mwaka 1992, na tasnia nzima ikasimama juu yake. Kwetu, shule ya kamera ilikuwa sherehe. Mpiga video wa harusi, aliyebeba kamera begani kuanzia kanisani au msikitini mpaka ukumbini, alijifunza kufuata watu bila kuwakata vichwa, na hakuwa na nafasi ya kumwambia bwana harusi arudie pete.

Kanda zikaleta kero zake. Kamera nyingi zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani au Japani zilikuwa za mfumo wa NTSC, ilhali Afrika Mashariki tulitumia PAL. Mifumo hiyo imekwenda zake, kero imebaki. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa picha 30 kwa sekunde na shata ya 1/60 itaonyesha mistari inayopanda na kushuka ukutani. Weka picha 25 na shata ya 1/50, mistari inaondoka. Jambo hilo ni la bure, lipo kwenye menyu, na bado naona video za mamilioni ya shilingi zikipepesa.

MiniDV ilipofika 1995, nakala ya nakala haikuchakaa tena, na waya mmoja uliingiza picha kwenye kompyuta ya nyumbani. Thomas Vinterberg alipiga Festen kwa kamera ndogo ya Sony ya mkononi, akatoka Cannes na tuzo ya jopo la majaji mwaka 1998. Mwaka 2002 Panasonic DVX100 ikampa mtu wa kawaida picha 24 kwa sekunde kwa bei isiyofika dola 4,000. Katika kipindi hicho hicho Dar es Salaam ikapata Girlfriend ya George Tyson, ya 2003, inayotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa Bongo Movie. Watazamaji walilalamikia sauti mara nyingi kuliko picha, na walikuwa na haki.

Kisha ikaja 2008, Canon 5D Mark II. Kamera ya picha za mnato yenye kihisi kikubwa ikaanza kupiga video inayofifisha mandhari ya nyuma kama ya sinema, na kufikia 2010 kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa tamthilia ya televisheni ya House kilipigwa kwayo. Waliokimbilia kuinunua walikuta inarekodi kama dakika 12 tu kwa kipande, mwanzoni kwa picha 30 pekee, na sauti ikijipandisha yenyewe kila palipokuwa na ukimya. Haikuwa na tundu la hedifoni. Sasa chakula kilikuwa lenzi, kinasa sauti cha pembeni na memori kadi.

Blackmagic Pocket ya 2013, kwa dola 995, ilitoa picha ambayo miaka michache kabla ingehitaji fedha za nyumba. Betri yake haikumaliza saa moja, na faili zake zilijaza diski kabla ya siku kwisha. Miaka miwili baadaye Sean Baker alionyesha Tangerine, iliyopigwa kwa simu tatu za iPhone 5s. Wengi husahau kutaja lenzi za nyongeza zilizobandikwa kwenye simu, programu ya dola 8, na kwamba sauti haikutegemea simu.

Wakaliga, Kampala, unapatikana mfano wa upande wa pili. Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayosemwa kuwa chini ya dola 200, akihariri kwenye kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Dunia ikaipenda. Lakini faili za asili hazipo: alizifuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Kilichobaki ni nakala ya DVD yenye sauti ya DJ wa filamu juu yake. Kamera haikumwangusha, diski ndiyo ilikosekana.

Kwa hiyo anayeanza leo Dar, Mombasa au Bujumbura aanze kwa kuuliza kamera inakula nini. Kama una simu nzuri, kamera unayo. Nunua maiki ya kubana kwenye kola na stendi. Kama unataka lenzi za kubadilisha, Canon 700D iliyotumika bado inafundisha, ina tundu la maiki, na lenzi ya milimita 50 f/1.8 ni rahisi kupatikana. Panasonic G7 inatoa 4K kwa bei ya chini, ila haina tundu la hedifoni wala kitulizaji cha mtikisiko ndani ya bodi. Sony ZV-E10 ina matundu yote mawili, ila picha zake hupinda ukigeuza kamera haraka. Ukinunua iliyotumika, fungua kioo chake mara kadhaa, piga ukuta mweupe utafute madoa, rekodi dakika 10 mfululizo ukiwa na muuzaji hapohapo, na tikisa waya kwenye kila tundu. Nusu ya fedha ibaki kwa ajili ya maiki, betri ya pili na diski mbili, moja ikae nyumba nyingine.