Kisukari cha Mimba: Ugonjwa Uliokawia Kupata Jina

Leo tuzungumze jambo linalowaliza dada zetu wengi: mimba ina miezi sita, unapimwa kliniki, unaambiwa sukari imepanda. Ukifika nyumbani maswali yanaanza. Umekula nini? Umemkosea nani? Tuiulize historia, maana inajibu vizuri kuliko majirani.

Sisi wa Ukerewe kilio hiki tunakijua. Mwaka 1945 mzee wetu Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni kisa cha mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, huku ndugu wa mume wakimsimanga mke. Pande nyingi za ziwa mambo yalikuwa hivyo: mtoto akipotea, mama ndiye wa kulaumiwa. Sababu za kupoteza mtoto ni nyingi, na sukari ni mojawapo, ila bibi zetu hawakuwa na kipimo cha kuiona.

Hata Ulaya ilikuwa giza. Mwaka 1824 daktari Heinrich Bennewitz wa Berlin aliandika habari za mama wa miaka 22, mwenye mimba ya tano, aliyekuwa na kiu isiyokatika na sukari kwenye mkojo. Alijifungua mtoto wa zaidi ya kilo 5, naye mtoto akafa. Baada ya kujifungua, sukari ya mama ikatoweka. Insulini ilikuja kugunduliwa Toronto mwaka 1921, na mwaka 1964 John O'Sullivan wa Boston akachapisha vipimo vya sukari vya wajawazito. Miaka 140 ilipita!

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971. Serikali ikaichukua mwaka uliofuata, kisha ikairudisha kwa maaskofu Wakatoliki mwaka 1985. Enzi hizo kisukari kilikuwa adimu vijijini. Utafiti wa Swai, McLarty na wenzao, uliochapishwa mwaka 1991, haukukuta sukari ikiharibika kwa wajawazito wa vijijini Tanzania. Lakini mwaka 2014 Mwanri na wenzake walitoa hesabu nyingine: 8.4% ya wajawazito wa mjini walikuwa nacho, vijijini 1.0%. Maisha yamebadilika: soda, maandazi, kukaa sana, bodaboda hadi mlangoni.

Hata hivyo, usijihukumu. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini. Mwili ukishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari hubaki kwenye damu, na hilo huwapata hata wembamba. Halafu tuache kushangilia kila mtoto mkubwa kana kwamba ukubwa peke yake ni baraka. Mtoto aliyenenepeshwa na sukari anaweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, na sukari yake ikashuka ghafla baadaye.

Kwa hiyo kubali kupimwa, hasa kati ya wiki ya 24 na 28. Ugali, michembe na matobolwa punguza kiasi, ongeza sato, dagaa na mboga za majani. Tembea kidogo baada ya kula. Wengi hutosheka na hayo. Daktari akisema insulini, kubali. Haimaanishi imani yako ni haba. Baada ya kujifungua, rudi upimwe kati ya wiki ya 6 na 12, kwa sababu aliyewahi kupata kisukari cha mimba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu.

Tumkumbuke Hana. Alikuwa akiomba mtoto kwa uchungu, kuhani Eli akadhani amelewa. Eli alipoelewa, alibadili maneno akambariki. Na sisi, dada anaporudi kliniki na majibu mazito, tuwe Eli wa pili: tumwombee, tumsindikize kliniki, na jioni tutembee naye.