Bwana Msa, Sherlock Holmes na watoto wetu: hadithi za upelelezi zilivyogeuzwa filamu za familia

SEHEMU YA 1: DAKTARI NA BWANA AFYA

Wiki hii tunaiacha presha na kisukari, tunaingia kwenye historia. Msikimbie, hospitali bado imo humu humu.

Sherlock Holmes, mpelelezi maarufu kuliko wote, alianza kusomwa mwaka 1887. Aliyemtunga, Arthur Conan Doyle, alikuwa daktari. Alipokuwa mwanafunzi Edinburgh alifundishwa na daktari wa upasuaji aitwaye Joseph Bell. Huyu mzee alikuwa akimtazama mgonjwa anavyoingia, mwendo, mikono, nguo, kisha anamwambia kazi anayofanya kabla mwenyewe hajasema kitu. Doyle akamchukua akamtia kwenye hadithi.

Sasa njoo Zanzibar. Muhammed Said Abdulla alizaliwa 1918, na alipomaliza masomo aliajiriwa idara ya afya kama mkaguzi, yaani yule tunayemwita bwana afya. Baadaye akawa mhariri wa magazeti. Mwaka 1957/58 lilifanyika shindano la hadithi la East African Literature Bureau, akashika nafasi ya kwanza na Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kikatoka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko, akiwa na rafiki yake Najum. Anayewajua Holmes na Watson atawatambua mara moja.

Lakini Abdulla hakunakili tu. Tajiri anakutwa ameuawa kwenye mzimu, pale watu wanapopeleka sadaka, na minong'ono inaanza kwamba wa kale wamekasirika. Bwana Msa anatafuta binadamu. Nani alikuwa wapi, nani alikuwa na sababu, nani anasema uongo. Simalizii, kisomeni.

SEHEMU YA 2: MAITI INATOLEWA, ANAWEKWA MZAZI ALIYEPOTEA

Hadithi za upelelezi zimejaa damu. Kwa hiyo wanaotaka kumpa mtoto wa miaka minane wanafanyaje? Nimezitazama filamu kadhaa nikaona kuna njia kama mbili hivi.

Njia ya kwanza ni kuacha mauaji kabisa. Mjerumani Erich Kästner aliandika mwaka 1929 kitabu kuhusu mtoto Emil anayetumwa Berlin kwa treni, amepewa pesa na mama yake ampelekee bibi. Anasinzia, anaibiwa. Watoto wa mjini wanajikusanya, wanamfuata mwizi mtaa kwa mtaa. Filamu ikatengenezwa 1931, na nyingine zikafuata. Ushahidi ni mzuri sana: Emil alikuwa amezibana noti kwenye koti kwa pini, kwa hiyo zina matundu. Mwizi hana la kujibu. Hebu fikiria mtoto amepanda basi la Sumbawanga kwenda Mbeya, hela amefungiwa na mama yake kwenye pindo la kanga. Hadithi ni ile ile.

Njia ya pili ni kubadilisha kosa. Mwaka 1986 Disney walitoa The Great Mouse Detective, kutoka vitabu vya Eve Titus vya panya mpelelezi anayeishi chini ya nyumba ya Holmes. Humo kapanya kadogo ka kike kanamtafuta baba yake aliyetekwa. Mwaka 2020 ikaja Enola Holmes, kutoka vitabu vya Nancy Springer. Sherlock kapewa mdogo wake wa kike, na binti huyo anamtafuta mama yake aliyeondoka bila kuaga. Mnaona? Mtoto hahitaji maiti ili aogope. Kumkosa mzazi kunamtosha, na hilo analielewa bila kuelezwa.

Sehemu ya pili ya Enola, ya 2022, ndiyo iliyonigusa kama muuguzi. Wasichana wa kiwanda cha viberiti London wanakufa, wanaambiwa ni homa ya taifasi. Kumbe ni fosforasi inayotumika kutengenezea viberiti. Hadithi imetungwa, lakini mgomo wa wasichana wa viberiti ulitokea kweli mwaka 1888, na fosforasi ilikuwa inawaozesha taya kweli.

SEHEMU YA 3: NA HUKU KWETU?

Filamu hapa kwetu zilianza na kazi ya kufundisha. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za Waafrika huko Vugiri, milima ya Usambara. Walizungusha sinema kwa lori, wakionyesha mambo ya kodi, kilimo, hata minyoo ya safura. Mwaka 1952 ikatoka Muhogo Mchungu, na mchezaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ndiyo, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Baadaye sana zikaja kanda za video, vibanda umiza, na watafsiri wanaoongea juu ya picha hadi Mchina anaonekana kazaliwa Kariakoo. Huko watoto wengi wamekutana na hadithi za polisi na wezi, nyingi ni za bunduki. Anayeshinda ni anayepiga risasi haraka, siyo anayefikiri.

Hapo ndipo ninapomtaka Bwana Msa, na ninamtaka Ufipa hasa. Wazee wanatuambia jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi". Jina zuri, lakini tukubali kwamba sifa tuliyonayo nchini ni ya kinyume. Mtu akifa ghafla, kabla hata majibu hayajatoka, kuna jina la bibi fulani linatajwa. Katika nchi yetu hii wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho mekundu! Miaka hamsini ya kupuliza kuni jikoni, moshi, vikope. Hiyo ni kesi ambayo Bwana Msa angeimaliza kabla kiko hakijazima.

Basi tuseme nipewe kazi ya kumgeuzia watoto Mzimu wa Watu wa Kale. Mauaji ningeyatoa, niweke mzee aliyepotea. Mpelelezi awe binti wa darasa la sita, Najum wake awe mdogo wake mwenye maswali mengi. Mahali pawe Laela au Matai, baridi ya Julai, watu wamejifunika mablanketi. Kitu kimoja nisingekigusa: kijiji kizima kina hakika ni mizimu, na mtoto mmoja anauliza, "Mmejuaje?"

Ukitoa swali hilo, inabaki filamu ya kukimbizana tu.

Kwa hiyo wazazi, mkikaa na watoto mbele ya TV, filamu yoyote ile, isimamisheni katikati. Muulize mtoto unadhani ni nani, na umejuaje. Akijibu "kwa sababu ana sura mbaya", mwambie hilo halitoshi. Mtoto aliyezoea kuambiwa halitoshi, siku moja atakuwa mtu mzima kwenye msiba, na jina la bibi wa watu litakapotajwa, atakuwepo mmoja wa kuuliza.

Maswali wekeni hapo chini. Wiki ijayo tunarudi kwenye presha.