Ys I & II

Ys I & II ni mchezo wa video wa Kijapani wa kuigiza mhusika, uliotolewa na kampuni ya Hudson Soft mwaka 1989 kwa mashine ya PC Engine yenye kisomeo cha CD. Unaunganisha michezo miwili ya kampuni ya Nihon Falcom, iliyotoka kwanza kwa kompyuta za PC-8801 mwaka 1987 na 1988. Toleo la Marekani lilifuata mwaka 1990.

Hadithi. Adol Christin, kijana msafiri mwenye nywele nyekundu, anatafuta vitabu sita vya Ys, nchi ya kale iliyotoweka. Sehemu ya kwanza huishia katika mnara wa Darm wenye ghorofa 25. Ya pili huendelea katika nchi yenyewe, inayoelea angani.

Uchezaji. Hakuna kitufe cha kupigia upanga: mchezaji humwendesha Adol amgonge adui. Akimvaa uso kwa uso huumia naye. Akimgonga pembeni kidogo, humjeruhi na kubaki salama. Sehemu ya pili huongeza uchawi, ukiwemo wa kumgeuza Adol kuwa zimwi ili aongee na mazimwi wengine.

Toleo la CD. Nafasi kubwa ya diski iliwezesha sauti za waigizaji na muziki uliorekodiwa. Nyimbo nyingi za awali, zilizotungwa na Yuzo Koshiro na wenzake, zilipangwa upya na Ryo Yonemitsu.