Mpungi Bila Wazee

Ukipanda kutoka tambarare ya Maore kuelekea Bombo na vijiji vingine vya Upare Kusini, wilayani Same, utakuta hapa na pale kisitu cha miti mikubwa kimesimama peke yake kati ya mashamba ya migomba na tangawizi. Baadhi ya visitu vya namna hii vilibaki kwa sababu shoka lilikatazwa kuvifikia. Ama ni mpungi, mahali pa tambiko la ukoo, ama ni mshitu, msitu wa jando. Vingi havina tena mtambikaji.

Siku hizi nasikia hoja, hasa kutoka kwa wasomi wenzangu, kwamba tuirejeshe misitu hiyo ili iwe makimbilio ya ndege walio hatarini. Hoja ina uzito. Msitu wa Chome, unaouzunguka mlima Shengena, una kinengenenge asiyepatikana penginepo duniani ila Upare Kusini: kidege cha kijani na manjano, mwenye pete nyeupe machoni. Wanasayansi walimpa jina la winifredae mwaka 1934, kwa heshima ya Winifred Moreau, ambaye mumewe, Reginald, alikuwa mtafiti katika kituo cha Amani, Usambara. Waasu hawakuhitaji kungoja mwaka huo ili wamwone.

Tusidanganyane, hata hivyo, kuhusu ukubwa wa msaada wenyewe. Kinengenenge ni ndege wa msitu wa juu, na kisitu kidogo cha mteremkoni hakiwezi kuchukua nafasi ya Chome. Kinachoweza ni kuwa kituo cha njiani. Hondohondo akila tunda la mkuyu huidondosha mbegu mbali, na penye mti wa kutua ndipo mbegu inapoangukia. Shamba tupu halimpi pa kutua.

Ugumu ninaouona ni wa kihistoria. Tunazungumza kana kwamba wahenga walikuwa maofisa misitu waliovaa ngozi. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba mshitu ulikuwa chombo cha utawala. Huko Ugweno, Wasuya walipowapindua Washana, mafundi wa chuma, waliifanya jando ya mshitu kuwa shughuli ya dola nzima. Kijana aliingia msituni akiwa mtoto wa ukoo fulani na kutoka akiwa raia. Mpungi nao ulikuwa mahali walipohifadhiwa wahenga, vichwa vyao vikiwa vyunguni. Aliyekata mti pale aliwaudhi wafu, na walio hai walimtoza mfugo. Miti ilisalimika kwa sababu ya mamlaka hayo, na ndege wakapata faida ambayo hakuna aliyeipanga.

Mamlaka hayo yalivunjwa kwa awamu. Waadventista walifika Giti mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig wakajenga vituo vyao milimani katika miaka hiyohiyo. Jakob Dannholz, mmisionari wa Mbaga, aliandika kitabu kizima kuhusu imani za Waasu, kikachapishwa Leipzig mwaka 1916. Tukitaka kujua tambiko lilivyokuwa, leo tunamsoma mtu aliyekuja kulikomesha. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ikautangaza Chome kuwa hifadhi, na mlinzi wa msitu akawa mtumishi wa serikali. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta mamlaka ya machifu. Naliona pigo hili la mwisho kuwa zito kuliko mahubiri yote, kwani mtu anaweza kuacha kuogopa mizimu na bado akaogopa faini.

Kenya walilishughulikia jambo hili mapema. Kuanzia mwaka 1992 makaya ya Wamijikenda yalitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikayaorodhesha katika urithi wa dunia, wazee wa kaya wakitambuliwa kuwa sehemu ya urithi huo. Sisi tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, inayoruhusu kijiji kutenga msitu wake na kikundi cha wananchi kuusimamia. Hatuhitaji sheria mpya. Kinachokosekana ni kijiji kukaa na kuamua nani atamtoza nani, na ng'ombe au fedha hiyo iende wapi.

Hapo wazee wa ukoo wana neno, lakini hawawezi kuwa peke yao. Kijana hakumpigia kura mtambikaji, na mwanamke hakukanyaga mshitu wa jando. Baraza la ardhi la kijiji, kwa sheria ile ya 1999, lina wajumbe saba, watatu wao wanawake. Hao watatu waulizwe kwanza, kwa kuwa nyumba zao ndizo zitakazokosa kuni siku mpungi utakapofungwa, na hakuna mradi wa ndege niliousoma ulioanza kwa kuuliza kuni zitatoka wapi.