Mcheza kwao hutunzwa: safari ya Angella Okutoyi

Angella Okutoyi ndiye Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Wimbledon, upande wa vijana. Alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake, na mama yao akafariki wakati wa kujifungua. Walilelewa jijini Nairobi na nyanya yao, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi shuleni. Raketi aliishika akiwa na umri wa miaka 4 huko Loresho, magharibi mwa jiji.

Januari 2022, nchini Australia, alimshinda Federica Urgesi wa Italia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana katika Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani. Julai mwaka huohuo, kwenye nyasi za Wimbledon, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada 3-6, 6-4, 11-9. Baadaye akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Machi 2024 akatwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika, Accra.

Dhahabu hiyo ingemfikisha Olimpiki ya Paris, lakini sharti lilikuwa awe miongoni mwa wachezaji 400 bora duniani. Hakuwamo, na nafasi ikampita.

Nafasi katika orodha hiyo hutokana na pointi, na pointi hupatikana kwenye mashindano ya kulipwa. Mtazame Mboko, aliyeshindwa siku ile Wimbledon na ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Mwaka 2025 aliingia mashindano ya Montreal kwa mwaliko maalumu wa wenyeji, na Agosti akamshinda Naomi Osaka katika fainali. Kipaji anacho, bila shaka, lakini mlango alifunguliwa nyumbani.

Kijana wa Kenya mara nyingi huanza kwa kutafuta tiketi ya ndege. Kwa hivyo mashindano ya kimataifa yanapoletwa Nairobi Club au Karen Country Club, faida yake si kwa watazamaji tu: vijana wetu huchuma pointi bila kuvuka mipaka. Nasi wa Pwani tuulize yatafika lini Mombasa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Atatunzwaje asiyekuwa na pa kuchezea kwao?